Michigan na Ohio State uwanjani: tiketi, viti, baridi na mambo ya kutazama

Kama mfuko wako unaruhusu mchezo mmoja tu wa futiboli ya vyuo vya Marekani, hela yako iende hapa. Nasema hivi nikijua bei yake, baridi ya Novemba na mabenchi yasiyo na egemeo. Michigan na Ohio State hukutana mara moja kwa mwaka, Jumamosi inayofuata sikukuu ya Thanksgiving, na ndio mchezo wa kufungia msimu wa kawaida. Simba akifungwa na Yanga raundi ya kwanza, ipo raundi ya pili ya kulipiza. Hapa ukifungwa unavumilia tambo za jirani mwaka mzima.

Na ni majirani kweli. Columbus, kwao Ohio State, na Ann Arbor, kwao Michigan, ziko umbali wa kilomita kama 300, na barabara moja, US-23, inaunganisha miji yote miwili. Njiani unapita Toledo, mji ambao Ohio na Michigan waliugombania mpaka wakatoa wanamgambo mwaka 1835. Ohio wakabaki na Toledo, Michigan wakafidiwa ile rasi kubwa ya kaskazini. Timu zilianza kukutana 1897, na tangu 1918 hawajaruka mwaka isipokuwa 2020, korona ilipofuta mchezo.

Tuanze na tiketi, maana hapo ndipo wengi wanaumia. Mwaka wa shufwa mchezo uko Columbus, mwaka wa witiri uko Ann Arbor. Tiketi za moja kwa moja humalizwa na wenye tiketi za msimu, wanafunzi na wahitimu, kwa hiyo mtu wa kawaida ananunua kwenye masoko ya kuuziana mtandaoni, na hata kiti cha juu kabisa huuzwa kwa mamia ya dola. Bei hufuata matokeo. Timu zote mbili zikija bila kufungwa, hupaa. Moja ikivurunda katikati ya Novemba, hushuka ndani ya saa chache. Hadi Mei 2025 ada ya huduma ilikuwa ikitokea mwisho kabisa, wakati umeshaingiza kadi, na haikuwa ndogo. Wauzaji wawili wenye bei sawa kwenye orodha waliweza kuachana kwa makumi ya dola pale ulipolipa, ila sasa kanuni ya Marekani inataka jumla pamoja na ada ionekane tangu mwanzo.

Tiketi zote ni za simu. Picha ya skrini haipiti getini, maana msimbo hubadilikabadilika. Ihifadhi kwenye pochi ya simu ukiwa bado kwenye waifai ya nyumbani au hotelini. Watu laki moja wakiwasha simu sehemu moja, mtandao hulala. Simu yenyewe iweke mfuko wa ndani karibu na mwili, kwa sababu baridi hula betri. Kuhusu mifuko, Ohio Stadium wanakubali mfuko wa plastiki unaoonyesha ndani, usiozidi inchi 12 kwa 6 kwa 12. Ann Arbor ni wakali zaidi, nenda mikono mitupu.

Viwanja hivi viwili havifanani hata kidogo, na kuchagua kiti bila kujua tofauti ni kutupa pesa. Michigan Stadium, uliofunguliwa 1927, una nafasi 107,601, na sehemu kubwa yake imechimbwa ardhini. Unaingia getini ukiwa juu, halafu unashuka kwenda kwenye kiti. Ni bakuli moja, hakuna nguzo wala paa la jukwaa jingine juu ya kichwa chako, hivyo karibu kila kiti kinaona uwanja mzima. Kasoro iko chini: safu za mbele kabisa zinagharimu zaidi, lakini wachezaji wa akiba na makocha waliosimama pembezoni wanakuziba. Mimi naona safu ya 40 hadi 60, usawa wa yadi ya 20, ni bora kuliko safu ya 5 katikati ya uwanja.

Ohio Stadium wa 1922 una umbo la kwato ya farasi na nafasi 102,780. Majukwaa yake yamesimama wima zaidi na yamepandana, ndiyo maana kelele zake zinabaki ndani na kumpiga kwotabeki mgeni, yule mrushaji anayeongoza mashambulizi, masikioni. Jukwaa la A liko chini, B katikati, C juu. Jihadhari na safu za nyuma za B: sakafu ya C inakufunika, huoni ubao wa matokeo, na mpira uliopigwa juu unapotea machoni mpaka ushuke. Muuzaji haandiki hilo. Faida yake ni kwamba mvua haikugusi. Jambo jingine ambalo ramani ya viti haisemi: viwanja vyote viwili vimelazwa kaskazini kwa kusini, kwa hiyo mchana jua, kama lipo, hupiga upande wa mashariki, na upande wa magharibi hukaa kivulini. Mwisho wa Novemba tofauti hiyo unaisikia kwenye vidole.

Kiti ni alama ya namba iliyochorwa kwenye benchi, upana kama sentimita 45. Namba hizo zilipimwa kwa mtu aliyevaa shati. Kila mtu akija na koti nene, safu ya watu 20 inahitaji nafasi ya watu 23, na anayechelewa ndiye anayekaa nusu tako. Wahi.

Vaa kwa tabaka: nguo ya ndani ya sufu au ya michezo inayokauka haraka, si pamba, kwa sababu pamba ikinyonya jasho la kupanda ngazi hukugandisha robo ya pili. Juu yake sweta, kisha koti lisilopitisha upepo. Baridi kali inapandia miguuni, kutoka kwenye zege. Kipande cha boksi chini ya viatu kinasaidia kuliko soksi za pili, ambazo hubana mguu na kuzuia damu. Hali ya hewa hapa si pambo la mchezo. Mwaka 1950 Columbus walicheza ndani ya dhoruba ya theluji. Timu zilipiga mpira mbali kwa mguu mara 45 kwa jumla, kwa sababu kuushika tu ilikuwa hatari, na Michigan walishinda 9–3 bila kupata hata daun mpya moja, yaani majaribio manne mapya ambayo timu hupewa ikisogea yadi 10.

Uwe umekaa nusu saa kabla. Wengi hukosa bendi wakiwa foleni ya chakula, na Columbus kukosa bendi ni kukosa robo ya thamani ya tiketi. Bendi ya Ohio State huingia kwa kushuka mteremko upande wa kaskazini, kisha huandika neno Ohio kwa herufi za kuunganisha, watu wakitembea mmoja nyuma ya mwenzake katika mstari mmoja usiokatika. Mtindo huo upo tangu 1936. Neno likikamilika, mpiga sousaphone mmoja, lile tarumbeta kubwa linalovaliwa begani, anatoka mstarini akirusha miguu juu, anasimama mahali pa nukta ya herufi i, anavua kofia na kuinama chini upande huu, kisha upande ule, tarumbeta likiwa bado begani. Ukiwa jukwaa la A huioni vizuri, herufi zinalala. Hapo ndipo C inapolipa. Ann Arbor nako wachezaji hutoka kwenye njia moja ya chini na kurukia kugusa bango la M. Mwaka 1973 wachezaji wa Ohio State waliliangusha bango hilo kabla ya mchezo kuanza.

Mchezo wenyewe sasa. Mgeni hufuata mpira kwa macho na kukosa mambo mengi. Dabi hii huamuliwa na wazito wa mbele, wale wa kilo 140 wanaosukumana mpira unapotolewa, na timu inayokimbia na mpira yadi nyingi ndiyo karibu kila mara inayoondoka na ushindi. Mwaka 2021 Ann Arbor, theluji ikidondoka, Michigan walikimbia yadi 297 dhidi ya 64 wakashinda 42–27, Hassan Haskins akifunga tachidauni 5, yaani kuufikisha mpira eneo la mwisho. Mwaka uliofuata Columbus, Donovan Edwards wa Michigan alitoboa mara mbili katika robo ya nne, yadi 75 kisha yadi 85, ikawa 45–23. Ohio State walikuwa wamejaza watu karibu na mstari unapotolewa mpira ili kuziba mbio fupi. Mkimbiaji akishaivuka safu hiyo, nyuma hakuna wa kumkamata.

Kwa hiyo kabla mpira haujatolewa, angalia vitu vitatu. Kwanza mikono ya wazito wa timu yenye mpira: akiegemea mbele, uzito wote kwenye vidole, mara nyingi anakwenda kusukuma, yaani watakimbia, akikaa nyuma, kiuno chini, vidole vinagusa nyasi kidogo tu, anajiandaa kumlinda kwotabeki arushe. Pili, hesabu walinzi waliosimama karibu na mstari. Sita, kuna nafasi ya kukimbia. Wanane, kukimbia katikati ni kugonga ukuta. Tatu, mabeki wawili wa mwisho wako umbali gani. Wakisogea mbele wote, mrusho mrefu unakuja. Darubini ndogo itakusaidia hapa kuliko skrini ya uwanja.

Mchezo wa 2024 ni somo zima la jambo hili, na bado unawachoma watu wa Columbus. Michigan walikuja na ushindi 6 na vipigo 5. Ohio State walikuwa wa pili nchini. Wenyeji waling'ang'ania kukimbia katikati, palepale Michigan walipokuwa na nguvu, wakamaliza na yadi 77 dhidi ya 172. Walikosa pia mipira miwili ya kupiga katikati ya nguzo. Michigan walipiga wa kwao kutoka yadi 21 zikiwa zimebaki sekunde 45, ikaisha 13–10. Januari iliyofuata Ohio State walitwaa ubingwa wa taifa kwa kuwafunga Notre Dame 34–23, kwa sababu tangu msimu ule mtoano unachukua timu 12 na kipigo kimoja hakikutoi tena. Kuna wanaosema utaratibu huo umeua dabi. Sikubaliani nao. Watu walioshangilia ubingwa ule bado wanakijadili kile kipigo cha Novemba kana kwamba kombe halikuja. Waliposhinda 27–9 Ann Arbor mwaka 2025, baada ya vipigo vinne mfululizo, ndipo walipopumua. Kocha John Cooper aliwapa Ohio State misimu mizuri mingi, lakini rekodi yake dhidi ya Michigan ya ushindi 2, vipigo 10 na sare 1 ndiyo inayotajwa kwanza hadi leo.

Sare siku hizi hakuna. Mwaka 1973 timu zilitoka 10–10 zikiwa sawa kwa kila kitu, ikabidi wakurugenzi wa michezo wa ligi wapige kura, wakawachagua Ohio State kwenda Rose Bowl, mchezo mkubwa wa baada ya msimu huko California, na Michigan hawajasamehe. Tangu 1996 kuna muda wa ziada: kila timu inaanzia yadi ya 25. Mwaka 2016 Columbus walifika awamu ya pili. Daun ya nne, yadi moja, J.T. Barrett wa Ohio State akakimbia, waamuzi wakaweka mpira pale penye mstari, na marudio ya video hayakubadilisha uamuzi. Mpira ulipotolewa tena, mwenzake Curtis Samuel akafunga, 30–27. Jukwaa la kaskazini waliona vingine na la kusini vingine. Yadi za aina hiyo zinaonekana sawasawa tu ukikaa usawa wake kabisa, hivyo usimwamini yeyote anayeapa kwamba aliona, labda awe mwamuzi wa pembeni.

Kwa walioko nyumbani: mchezo huanza saa 6 mchana wa kule, na mwisho wa Novemba hiyo ni saa 2 usiku Dar, Nairobi na Kampala, saa 1 usiku Lubumbashi na Bujumbura. Tenga saa tatu na nusu, maana robo ni dakika 15 lakini saa husimama mara kwa mara, na matangazo ni mengi kupita kiasi. Hili la kuanza mchana mimi silipendi. Mchezo mzito hivi ungefaa taa. Lakini msafiri wa US-23 anarudi mapema, hilo nalikubali.

Usafiri: Columbus acha gari mbali, panda basi la COTA namba 2 linalopita High Street, kisha tembea magharibi kukatiza chuo. Wiki hiyo utaona kila herufi M kwenye vibao vya chuo imepigwa alama ya X kwa utepe mwekundu. Ann Arbor, watu huegesha kwenye viwanja vya gofu na shule ya Pioneer iliyo mkabala na uwanja. Ukiingia baada ya saa 3 asubuhi, utaegeshwa ndani kabisa, nyuma ya magari mengi, na utatoka wa mwisho.

Ukiwa umevaa rangi za mgeni na timu yako imeshinda, bakia kwenye kiti dakika 20. Mwaka 2024 wachezaji walipigana katikati ya uwanja kwa sababu ya bendera ya Michigan kutaka kusimikwa pale, polisi wakatumia dawa ya pilipili, na kila chuo kikatozwa dola 100,000. Jukwaani kwa kawaida ni maneno tu, ila ngazi za kutokea ni nyembamba na watu wana hasira. Subiri safu zilizo chini yako ziishe, ndipo ushuke kwa mlango wa upande usio na wanafunzi.