Mtoto wa mkazi wa kudumu wa Marekani: abadilishe hadhi huko huko au asubiri viza Nairobi?

Njia zote mbili huanzia kwenye fomu I-130 (ombi la kumleta jamaa) ambayo mzazi mwenye kadi ya kijani, yaani mkazi wa kudumu, humjazia mwanawe asiye na ndoa, na zote hungoja nafasi ya viza katika kundi la F2A (la wenzi na watoto wa wakazi wa kudumu), iwapo mtoto hajatimiza miaka 21.

Aliyeko Marekani huweza kuomba kubadilisha hadhi, yaani kuwa mkazi wa kudumu bila kuondoka, kwa fomu I-485, na faida yake ni kwamba hukaa na mzazi wake huku akiomba kibali cha kazi. Sharti lake, hata hivyo, ni gumu: kwa kawaida ni lazima awe aliingia kwa kukaguliwa mpakani na hajavunja masharti ya viza yake, kwani msamaha wa kupitiliza muda hupewa mtoto wa raia, si wa mkazi. Akisafiri nje bila kibali cha awali cha kusafiri, ombi kwa kawaida huhesabiwa kuwa limeachwa.

Aliyeko Kenya hujaza DS-260 (fomu ya kuomba viza ya uhamiaji) na kuhojiwa ubalozini Nairobi. Hutengana na mzazi kwa muda mrefu zaidi, lakini haulizwi kuhusu hadhi ya kuishi Marekani ambayo hakuwahi kuwa nayo. Kwa aliyepitiliza muda Marekani, kuondoka ili kuhojiwa ni hatari, maana siku zaidi ya 180 za kukaa bila ruhusa baada ya kutimiza miaka 18 huweza kumfungia mlango kwa miaka 3 au 10.

Ndoa, kwa njia yoyote, hulifuta ombi la mzazi ambaye bado si raia.