Uzoefu wangu: ziara ya Fort Jesus, Mombasa, tukitokea Moshi

Jamani mlioko Moshi na Arusha mnaouliza kama Fort Jesus inastahili hiyo nauli, inastahili kabisa, ila lipieni mwongozaji wa palepale, msizunguke wenyewe mkaishia kupiga picha tu. Sisi tulienda na kikundi chetu cha kuweka na kukopa, tukavuka mpaka Holili, Taveta, Voi, hadi Mombasa.

Ngome imekaa juu ya mwamba wa matumbawe ukingoni mwa bahari, Wareno walianza kuijenga 1593 kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati, na ukisimama juu ya ukuta unaelewa mara moja kwa nini walipachagua, maana chombo kikiingia bandari ya zamani unakiona chote.

Mzee aliyetutembeza vyungu na sahani alivipita haraka, akatuweka chini kwenye habari ya Waomani kuizingira ngome kuanzia Machi 1696 mpaka Desemba 1698. Mimi shule nilisoma tu kwamba Waomani waliwafukuza Wareno, basi, kumbe mle ndani maradhi yaliwamaliza Wareno hadi ikafika 1697 wanaoishikilia ngome ni Sheikh Daud wa Faza, mji ulio kisiwa cha Pate kule Lamu, na ndugu zake, pamoja na wanawake wa Kiafrika kama 50 hivi! Mama mmoja wa kikundi akauliza, "Sasa mzee wangu, watu wa Faza waliwapigania Wareno kwa lipi?" Akajibiwa, "Mama, watu wa mji wa Pate, kisiwa hichohicho, walikuwa upande wa Oman, na Faza na Pate walikuwa hawaivi chungu kimoja." Hapo ndo nikaielewa ile vita, kwamba wenyeji nao walikuwa na hesabu zao, hawakuwa watazamaji. Meli ya Kireno iliyokuja kuokoa, Santo António de Tanna, ikazama palepale mbele ya ngome, na vitu vilivyoopolewa miaka ya 1970 unaviona kwenye maonyesho.

Kitu kilichonishika zaidi ni michoro ya meli ambayo wanajeshi wa Kireno waliichora ukutani, mistari ya mkaa na rangi nyekundu, milingoti na matanga, imechorwa na mtu aliyetamani kwao kwelikweli. Baadaye Waingereza wakaigeuza ngome kuwa jela, 1895 mpaka 1958, hiyo sehemu ilielezwa juujuu na ningependa ipewe muda zaidi.

Lawama yangu ni kwa waliotupangia safari huku Moshi, walitupa muda mfupi mno, dereva anapiga honi nje wakati mzee bado anaongea, hiyo si heshima kwake wala kwetu tuliolipa. Mwongozaji nampa nyota 5, waandaaji 3. Mkienda dai nusu siku nzima kabla hamjatoa hela, na muingie asubuhi, uani kivuli ni kidogo na jua la Mombasa si la huku kwetu mlimani.