Daraja la Waterloo ukutani: nakala ya Monet iliyochapishwa kwenye turubai

Mchoraji Mfaransa Claude Monet alichora Daraja la Waterloo la London zaidi ya mara 40. Alizianza picha hizo akiwa katika hoteli ya Savoy kati ya mwaka 1899 na 1901, akazimalizia kwake Giverny, Ufaransa, na baadhi yake zikaonyeshwa Paris mwaka 1904. Kwa hiyo anayetafuta nakala ya kutundika hana budi kwanza kuchagua ukungu autakao juu ya daraja, maana upo wa buluu, upo wa zambarau, na upo uliokaribia rangi ya majivu. Mimi nilichagua toleo la mwaka 1903 ambamo jua linapenya kwa shida.

Rangi zimenipendeza kuliko nilivyotarajia. Picha ya namna hii haina mstari mzito wa kusitiri uchapishaji mbovu: daraja, maji na anga vinakaribiana mno, na wino ukizidi kidogo tu, dohani za viwanda vya ng'ambo ya Mto Thames hugeuka madoa meusi. Hapa zimebaki vivuli vyepesi, kama inavyopasa. Hata vile vidoa vya rangi ya chungwa juu ya daraja, ambavyo kwa mbali huwa magari ya farasi yaliyopigwa na jua, vinaonekana kimoja kimoja. Ukisogea karibu, hata hivyo, hutayaona matuta ya rangi yaliyoachwa na brashi. Utaona nyuzi za turubai tu, zilizolowa wino sawasawa.

Kilichoniudhi ni ukingo. Turubai limekunjwa kuzunguka fremu bila nafasi ya ziada, hata nusu ya tao la mwisho imehamia ubavuni. Daraja hilo la mawe, lenye matao tisa, lilibomolewa katika miaka ya 1930, nami sikutegemea likatwe tena ukutani kwangu. Vanishi nayo inang'aa kupita kiasi: nilipoitundika picha mkabala na dirisha, niliuona uso wangu kabla ya kuuona ukungu. Niliihamishia ukuta ulio kando ya dirisha, ikatulia.

Ningeiagiza tena, ila ningetaka vanishi isiyong'aa, na ningemwomba muuzaji anitumie kwanza mchoro unaoonyesha mahali fremu itakapokata.