Haibridi imezeeka: utengeneze ama ununue nyingine?

Haipiti wiki bila mtu kunitumia picha ya dashibodi imejaa mataa, dada eh, Toyota Aqua yangu hii niuze ama nitengeneze? Na kila mmoja fundi ashamwambia betri kubwa, ile ya haibridi inayosaidiana na injini ya mafuta kusukuma gari, imekufa, alete pesa. Hata skana ya kusoma hitilafu haijachomekwa!

Habari ya mafuta na rangi sisemi, hizo mnazijua. Mi shida yangu ni feni. Betri kubwa ya haibridi inapozwa na feni inayovuta hewa ya ndani ya gari, kitundu chake kiko kwa kiti cha nyuma, na ndicho hicho tunachokiziba na mikoba ya watoto na viroba vya unga. Alafu hapa Malindi na mchanga wetu, umeenda Marafa kule bara ukarudi vioo viko wazi, vumbi lote linaingia mle, feni inajaa, betri inachemka, na betri hizi hazina adui kama joto. Bado chumvi ya bahari, vile vipande vya shaba vinavyounganisha seli (vibetri vidogo vya ndani) vinaota kutu ya kijani, umeme haupiti sawa, gari inalalamika betri mbovu na kumbe ni vya kufunguliwa tu visuguliwe. Lakini usifungue mwenyewe, Aqua ina volti 144 pale nyuma, Prius nyingi ni 200 na kitu, waya za rangi ya chungwa si za kuchezea.

Kwa hivyo namba moja kwangu ni kukaa na Toyota yako. Feni isafishwe, betri ndogo ya volti 12 ipimwe (nayo iko nyuma, si kwa boneti, na ikichoka inawasha mataa ya ajabu ajabu), alafu ndio useme betri kubwa imekwisha. Sharti langu ni moja, gari ipandishwe juu uangalie chini. Kama chumvi ishakula chesisi, hata uwekewe betri ya dhahabu unapoteza pesa.

Namba mbili, betri nzima mpya, na warantii ya maandishi yenye muhuri, si ya mdomo. Bei inauma, lakini kama haifiki nusu ya bei utakayouzia gari, lipa.

Namba tatu, uza ununue nyingine, na mi ntakwambia Aqua tena ama Toyota Axio haibridi, sifichi mapenzi yangu. Honda Fit haibridi ya 2013 mpaka 2020, ile ya gia za klachi mbili, siipendi, Honda wenyewe kule Japani waliziita zirudishwe kutengenezwa zaidi ya mara moja sababu ya hizo gia. Sasa njoo kwa bei. Sheria yetu Kenya hairuhusu kuingiza gari iliyopita miaka 8, na ushuru wa forodha ulitoka asilimia 25 ukaenda 35 mwaka 2023, hapo sawa, serikali ni serikali. Lakini mwenye yadi ya magari naye akaongeza ya kwake juu, na gari alizokuwa nazo wakati huo zilishalipiwa ushuru wa zamani! Ukimuuliza anakwambia ni dola.

Kubadilisha seli moja moja ni namba ya mwisho. Aqua ina vipande 20, ukitia kimoja kizuri katikati ya 19 vilivyochoka, baada ya muda mfupi kingine kinafuata na fundi unamlipa upya. Ni ya mtu anayeuza kesho, na huyo namwachia Mungu.

Na nyinyi wauza spea, betri imetoka Mombasa, kilomita 120 hivi, lami mpaka mlangoni, mwaitoza nauli mngedhani imekuja na jahazi kutoka Maskati. Tena mkishaona mteja ni mwanamke ama kaja na Mtaliano, bei inapanda papo hapo. Mi siku hizi naulizia kwa simu kwanza, naandikiwa bei, ndio natoka nyumbani.