Sumaku, nyundo na futi: Land Rover kuukuu inavyojieleza yenyewe

Karibuni watazamaji. Leo tuko Nakuru, kwenye uwanja wa mafundi wa jua kali, na hii hapa ni Land Rover Series III, yaani toleo la tatu, ile ndefu ya inchi 109, turubai nyuma. Injini ngoja kwanza. Tafuta sumaku ndogo, hata ya spika iliyokufa, uibandike kwenye madigadi. Umeona? Imeanguka. Boneti, imeanguka. Ubavu wa nyuma, vilevile.

Hii bodi si chuma. Vita vilipoisha 1945, chuma Uingereza kilikuwa cha mgao, lakini alumini ilipatikana. Mhandisi mkuu wa Rover, kampuni iliyounda gari hili, Maurice Wilks, alikuwa na Jeep ya Willys iliyotoka jeshini, akiitumia kwa kazi za shamba kule kisiwani Anglesey, Wales. Mwaka 1947 akataka Rover itengeneze gari lake la kazi hizo, na inasimuliwa kwamba alilichora kwanza mchangani, ufukweni Red Wharf Bay. Bodi ikawa ya Birmabright, alumini iliyochanganywa na magnesi. Tarehe 30 Aprili 1948 gari likaonyeshwa Amsterdam. Na kile kijani cha mwanzo? Husemwa ni rangi iliyobaki kwenye viwanda vya ndege za kivita. Walipaka walichonacho!

Sasa sumaku ikinata katikati ya madigadi, jua kuna mtu aliyeziba kwa bati la chuma. Ubaya wake ni huu: chuma na alumini vikigusana penye unyevu, alumini ndiyo inayoliwa. Utaona rangi imevimba, ukiikwangua unatoka unga mweupe. Ila usimgombeze muuzaji bure: mlango una fremu ya chuma ndani, kwa hiyo sumaku kunata ukingoni ni kawaida. Ukuta unaotenga injini na dereva nao ni chuma tangu kiwandani. Huo inua mkeka, bonyeza kwa bisibisi pale miguu inapokaa. Bisibisi ikipenya, hesabu gharama ya kuchomelea.

Weka sumaku kando, shika nyundo ndogo, tulale chini. Mitambo ya kufinyanga chasisi ilikuwa ghali, kwa hiyo Rover walichukua vipande bapa vya chuma, wakavichomelea vinne vinne kuwa kama boksi refu. Ujanja mzuri, ila boksi lina uwazi ndani. Matope ya Molo na Mau Narok yakishaingia humo hayatoki, na kutu huanzia ndani wakati nje bado panang'aa. Gonga kuanzia mbele kwenda nyuma. Chuma kizima kinalia "ngiii", kilichooza kinajibu "pu". Maliza na ule mwamba wa mwisho nyuma, unaoshika ndoano ya kuvutia trela. Huo mara nyingi ndio hutangulia kuoza. Chasisi iliyopakwa lami nene jana, mimi ningeikwangua kabla ya kuongea bei.

Futi nayo ina kazi. Pima kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi la nyuma: fupi ni inchi 88, kama sentimita 224, ndefu ni 109, kama sentimita 277. Kabla ya hapo zilikuwa 86 na 107. Inchi 2 ziliongezwa mbele mwaka 1956 ili injini ya dizeli iliyokuwa njiani ienee. Ukipata kipimo ambacho si chochote kati ya hivyo, wala si inchi 80 za zile za mwanzo kabisa, uliza chasisi ilikatwa wapi.

Taa nazo zinasema umri. Zikiwa katikati, karibu na radieta, hiyo ni ya kabla ya 1968 na 1969, taa zilipohamishwa. Zikiwa kwenye madigadi, ni ya baadaye, au imevalishwa madigadi mapya.

Wengi hawajui kwamba Rover walidhani gari hili ni la kuwavusha miaka miwili mitatu tu, mpaka magari yao ya kifahari yauzike tena. Kufikia 1976 Land Rover ya milioni moja ilikuwa imetoka, na hata hivyo haikufanywa kampuni tanzu yenye jina lake hadi 1978.

Tumalizie na fimbo hizi mbili za gia, hapa ndani kwa dereva. Ya njano ukiibonyeza chini, magurudumu yote manne yanavuta. Nyekundu ni ya gia za nguvu: simamisha gari kwanza, ndipo uivute nyuma. Hakuna difu ya katikati, ile inayoruhusu magurudumu ya mbele na ya nyuma kuzunguka kwa kasi tofauti, kwa hiyo ya njano isitumike kwenye lami kavu. Inakaza mitambo na kumaliza tairi.

Fimbo hiyohiyo itakurudisha nyumbani shafti ya gurudumu la nyuma ikikatika. Wanaoumia zaidi ni wenye Series II na zile fupi; 109 ya Series III ina ekseli ya nyuma ya aina ya Salisbury, ngumu zaidi. Kinachovunja ni mzigo mzito na kuachia klachi kwa ghafla. Gurudumu halichomoki, kwa sababu uzito umebebwa na beringi za habu, yaani kitovu cha gurudumu, si shafti. Bonyeza ya njano, vuta kwa magurudumu ya mbele, nenda taratibu. Ukifika, fungua bolti 6 za habu, vuta shafti, na hakikisha kipande kilichobaki ndani kimetoka kabla ya kuingiza mpya. Kikibaki, kitatafuna meno ya difu.