VLC kwa kupiga nyimbo mfululizo: uzoefu wangu, Kisumu

Ukitaka kompyuta ipige nyimbo 60 za benga na ohangla hotelini au kwa kinyozi bila mtu wa kuishughulikia, programu ya VLC inatosha, tena ni ya bure. Ninayotumia ni toleo la 3 kwenye Windows. Nyota nne, ya tano nimeizuia, na sababu ni pale wimbo mmoja unapoupisha mwingine.

Toleo hili hufunga faili moja kabisa ndipo lifungue nyingine, hivyo kuna kimya kifupi katikati. MP3 nayo huongezewa kimya kidogo mwanzoni na mwishoni inapobanwa. Kwa nyimbo za kawaida hakuna atakayejali. Ila ohangla iliyorekodiwa kwenye hafla kisha ikakatwa vipande vitano, ngoma zitakatika mara nne, na wachezaji watageuka kukutazama. Kwa kazi hiyo tumia programu ya foobar2000, ambayo huunganisha bila pengo mradi faili zilikatwa vizuri, au ile ya Mixxx: Auto DJ yake, yaani sehemu inayopiga foleni yenyewe, huanza wimbo unaofuata kabla wa kwanza haujaisha.

Kupanga foleni ni rahisi. Ctrl+L hufungua orodha, kisha unaburuta folda nzima na kuiachia humo. Majina yape tarakimu mbili, 01, 02, 03, kwa sababu yakipangwa kwa herufi, 10 hutangulia 2. Benga nyingi za santuri zina upande A na B, kwa hiyo andika 07a na 07b, la sivyo utasikia mwisho kabla ya mwanzo.

Ukifunga programu foleni hupotea, na stima ikikatika kwenye kompyuta isiyo na betri ni hivyo hivyo. Ihifadhi kwa Ctrl+Y. Hapo kuna mtego: faili ya XSPF, yaani orodha inayohifadhiwa hapo, huandika njia kamili ya kila wimbo pamoja na herufi ya flashi, kwa hiyo flashi iliyokuwa E: ikiwa F: kesho, hakuna wimbo utakaofunguka. Mimi huandika orodha mwenyewe kwa Notepad, jina moja kila mstari:

01.mp3
07a.mp3
07b.mp3

Naihifadhi kama orodha.m3u8, kwa usimbaji wa herufi wa UTF-8, ndani ya folda ile ile ya nyimbo. Herufi ya flashi ibadilike itakavyo.

Sauti kupanda na kushuka: nyimbo zilizotolewa kwenye kaseti huwa chini, za studio za leo zinapasua spika. VLC husoma vipimo vya ReplayGain, yaani alama za kiwango cha sauti zinazoandikwa ndani ya faili, lakini haivipimi. Chagua nyimbo zote ndani ya foobar2000, bonyeza kulia, ReplayGain, kisha Scan per-file track gain, uhifadhi. Rudi VLC, Ctrl+P, sehemu ya Audio, weka Replay gain mode iwe Track.

Kitufe cha kurudia kibonyeze mara moja tu. Ukibonyeza mara mbili, wimbo mmoja utajirudia hadi usiku.