Nahau za Kiingereza kwa dakika tatu tatu: uzoefu wangu na The English We Speak

Kiingereza cha darasani kilinipa sarufi ya kutosha. Nasoma ripoti, naandika barua ya kikazi, nafuata taarifa ya habari bila shida. Kilichokuwa kinanipiga chenga ni maongezi ya watu wakiwa wametulia. Mtu anasema "let's call it a day", wenzake wanafunga kompyuta na kuaga, nami bado natafuta ni siku gani hiyo inayoitwa. Neno moja moja nalijua, sentensi nzima siijui.

Nilianza kwa kulipia programu ya simu, ambayo jina lake nitalihifadhi. Nahau upande huu, maana upande ule, kisha maswali ya kuchagua jibu. Alama zinapanda, kengele ya pongezi inalia, unajiona bingwa. Tatizo ni zile maana zenyewe. "Under the weather" iliandikwa "mgonjwa", basi. Hakuna aliyekwambia kwamba ni kuumwa kwa juu juu, mafua au kichwa kinachogonga baada ya kukosa usingizi, wala kwamba mtu aliyelazwa akisubiri upasuaji wa moyo hasemewi hivyo. Halafu "raining cats and dogs" ilikuwa mstari wa mbele kabisa, ilhali mvua ikinyesha kwelikweli utakachosikia zaidi ni "it's pouring". Nilipofika mwisho wa muda niliolipia sikuongeza.

The English We Speak ni kipindi cha sauti cha BBC Learning English, kitengo ambacho kazi yake ya kufundisha Kiingereza hewani ilianza mwaka 1943. Ni bure. Kila kipindi ni takriban dakika tatu na kinashughulika na usemi mmoja tu. Watangazaji wawili wanaanza kwa kutaniana, mmoja anauchomekea usemi katikati ya maneno yake, mwenzake anauelewa kivyake au anauliza. Baada ya maelezo mafupi zinafuata sauti nyingine zenye mifano, kisha wanarudi kumalizia kisa chao. Maandishi ya kipindi kizima yapo kwenye ukurasa wake.

Kinachonivutia ni ile mifano. Ni sentensi kamili, na mara nyingi unaweza kuhisi nani anaongea na nani: wafanyakazi wawili, marafiki, mtu na mkewe. Hapo ndipo nahau inapoishi. Sisi wenyewe tunalijua hili katika Kiswahili bila kufundishwa. Mtu akikwambia fulani amekata kamba umeelewa, lakini hakuna mwenye akili zake atakayekwenda msibani akawaambia wafiwa kwamba baba yao amekata kamba. "Kick the bucket" ni hivyo hivyo: maana yake ni kufa, na kuijua maana hiyo peke yake kunaweza kukuletea aibu kubwa kuliko kutoijua. Kwa upande mwingine zipo zinazokuja zenyewe, kwa sababu tayari tuna ndugu yao. "Spill the beans" sikuhitaji kuikariri. Wao wanamwaga maharage, sisi tunamwaga mtama kwenye kuku wengi, siri imekwenda.

Namna ninavyokitumia: nasikiliza mara ya kwanza bila maandishi, na usemi ukishatajwa nasimamisha kabla ya ufafanuzi ili nikisie. Kisha naendelea, na mwishoni ndipo nafungua maandishi. Ukianza na maandishi umejinyima sehemu kubwa ya faida, maana nusu ya ugumu wa Kiingereza cha kuongea uko masikioni. "Call it a day" kwenye karatasi imepangwa vizuri na nafasi zake. Mdomoni mwa Mwingereza ni kitu kimoja, "kolitadei". "Put up with it" nayo inageuka "putapwidhit". Sikio lisipozoea huo mshikamano, hata usemi unaoujua unakupita kama kelele.

Utani wa watangazaji ndio utakaowagawa wasikilizaji. Mimi naupenda kiasi, ila namwelewa anayetaka waende moja kwa moja kwenye somo. Pia baadhi ya vipindi ni vya misemo ya mtaani ya vijana, ambayo huzeeka haraka. Hiyo naisikiliza ili nisipitwe, lakini siitumii mpaka niwe nimeisikia kwa watu halisi, wa rika langu, katika hali ninayoielewa.

Kwa kuwa ni dakika tatu, kipindi hakiwezi kubeba kila kitu, na hapo naweka kamusi ya wanafunzi pembeni, si kamusi ya kawaida. Natumia ya Oxford Learner's mtandaoni, nayo ni bure. Utamu wake ni vile vialama vidogo ambavyo wengi huviruka: usemi huu ni wa maongezi yasiyo rasmi, huu ni wa kuchekesha, huu umepitwa na wakati, huu wa Uingereza, ule wa Marekani. Mtu akitaka balaa limpite mbali, Mwingereza husema "touch wood", Mmarekani "knock on wood", na hakuna madhara ukichanganya. Lakini "to table" kwenye mkutano si jambo la mzaha. Uingereza maana yake ni kuwasilisha hoja ijadiliwe. Marekani ni kuiweka kando. Watu wawili wanaweza kukubaliana kwa neno hilo hilo wakatoka mlangoni wakiwa na mipango inayopingana. Anayefanya kazi na pande zote mbili aliangalie hili mapema.

Jambo jingine, na hapa natofautiana na wanaopenda nahau zenye madoido: kwa mazungumzo ya kila siku, vitenzi vidogo kama "put off", "turn down", "run out of" na "get on with" vina kazi kubwa kuliko maharage na ndoo zote. Utavisikia mchana kutwa. Vipo ndani ya vipindi hivi, kwenye mifano na kwenye porojo za watangazaji, hata pale ambapo si somo la siku. Mimi hupitia maandishi upya kuvitafuta, kisha naandika sentensi nzima kwenye daftari, na pembeni naongeza nani alimwambia nani. Sitafsiri. Kwa anayetaka mazungumzo marefu zaidi, BBC Learning English ina pia 6 Minute English, inayojadili mada moja na kufafanua maneno sita yaliyomo.

Kama ndiyo kwanza unaanza Kiingereza, subiri kidogo. Maelezo yote ni kwa Kiingereza hicho hicho, na kasi yao si ya kumbembeleza mtu. Unapoweza kufuata taarifa fupi ya habari bila kusimamisha kila sentensi, uko tayari. Na usisikilize vipindi kumi kwa mpigo ukiwa jikoni, kwani vitachanganyikana vyote. Mimi kimoja nakirudia mpaka nasikia kila neno lilipoungana na jirani yake, ndipo nafungua kingine.